Mashua ya Turubai na Mpira

Garissa,
9 Januari 1967

Kwa abti Olow,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, mjomba wangu, wewe na mama Khadijo, na kwamba funga haijawachosha huko Mombasa kwenye upepo wenu. Huku jua halina huruma. Alasiri hata mbwa wa polisi hawabweki. Mama yangu hajambo. Anakusalimu kama dada mkubwa anavyomsalimu mdogo wake, yaani kwa malalamiko: anasema majani ya chai uliyotuma mwaka jana yalikuwa vumbi tupu, na kwamba tangu utotoni ukitumwa dukani ulikuwa unaleta kile kilichobaki. Mbuzi wake wawili wamezaa mapacha.

Naandika Kiswahili kama kawaida, kwa kuwa lugha yetu haina herufi tulizokubaliana, na pia ili kama kuna bwana anayezifungua barua hizi njiani asipate taabu. Salamu kwake pia.

Sasa neno lenyewe. Daktari Mzungu wa hospitali yetu amerudi kwao na ameacha mashua. Si mtumbwi. Wao huiita kayaki. Ni nyembamba, ya watu wawili, na hukunjwa: mifupa yake ya mbao inaingia mfuko mmoja, na ngozi yake ya turubai na mpira inaingia mfuko wa pili. Alikuwa akienda nayo Lamu kuzunguka visiwa. Imekaa stoo miaka miwili. Mitumbwi yote ya watu wa mtoni imekusanywa kambini kwa amri, lakini hii imeandikwa katika vifaa vya hospitali, na mimi dresa, mfunga vidonda, nimepewa kibali chenye muhuri kuitumia.

Kuna mama mjamzito Mbalambala, juu ya mto. Ameshazika watoto wawili, wote walikaa vibaya tumboni, wote wakafa siku ya kuzaliwa. Huyu wa tatu anatarajiwa katikati ya Aprili. Ameshatokwa damu mara mbili, ameambiwa alale, asipandishwe ngamia wala punda. Barabara wewe mwenyewe umeisikia redioni, ina mabomu yaliyofukiwa; hakuna mwenye lori anayethubutu. Nimefikiri hivi: mashua iende juu imekunjwa, kwa punda, kwa njia za miguu, siku tatu. Kisha iunganishwe pale na mto umlete mwenyewe mpaka hospitali, amelala.

Shida ni hali yake. Ubavu mmoja wa mbao umeliwa na mchwa. Vyuma vya kuungia vimeganda kwa chumvi. Mpira wa chini umekauka, una nyufa nyembamba kama kisigino cha mchungaji. Mama ameutazama akasema tuupake mafuta, kama tunavyopaka ndoo za ngozi za kisimani. Sijamkubalia wala sijamkatalia. Wewe una miaka ishirini katika karakana za mashua. Nieleze la kufanya, na unieleze upesi.

Mimi mpwa wako, abti yako kama wewe ulivyo abti wangu,
Jama


Mombasa,
24 Januari 1967

Kwa abti Jama,

Waaleikum salaam warahmatullah. Iddi tumeila vizuri, alhamdulillahi. Khadijo aling'olewa jino siku ya pili yake na amekuwa mkali, lakini pilau hakuiacha. Watoto wote watatu wazima na wanawasalimu. Mwambie dada yangu Raho kwamba chai ile ilikuwa chai ya bei, na kama ilikuwa na vumbi ni vumbi la Garissa lililoingia alipofungua.

Nilipoona neno mashua nilidhani umeanza kula samaki, wewe mtoto wa wafugaji. Nikamwambia Khadijo mtoto wa dada yangu ameharibika. Kisha nikasoma mpaka chini nikatafuta kalamu.

Sikiliza sasa. Mwili wa mashua una maradhi yake kulingana na ulivyoumbwa. Jahazi la mbao hupenda mafuta. Sisi hulikalafati, yaani huziba nyufa zake kwa pamba, tukalipaka shahamu na chokaa, nalo hunywa likashiba. Plaiwudi yaogopa maji yanayopenya pembeni mwa tabaka. Siku hizi wameleta faiba, nguo iliyogandishwa kwa dawa ikawa ngumu kama sahani. Haiozi, lakini ikipigwa jiwe yapasuka, na dawa yake huipati Garissa. Hiyo yako ya turubai na mpira ndiyo ya kushukuru Mungu, kwa sababu yashoneka na yabandikika. Ila ina maadui: jua, chumvi, na MAFUTA. Mafuta ya aina yoyote, ya mnyama, ya gari, ya nywele. Mpira ukinywa mafuta huvimba, huwa laini, kisha huachana na turubai. Na haurudi tena ulivyokuwa. Mwambie mama yako hapana. Mwambie nimesema mimi.

Fanya hivi. Ngozi ioshe kwa maji ya mto na sabuni kidogo, mara tatu, ndani na nje, mpaka ukilamba kidole usione chumvi. Iweke kivulini, ikiwa imekunjuliwa. Vyuma vilowekwe maji ya uvuguvugu, usipige nyundo. Mbao zipige msasa kisha vanishi mara mbili, na hasa ncha zake, huko ndiko maji huingilia. Ukishamaliza kuunganisha, iweke juu ya magogo mawili, umwage maji ndani, uzunguke nje utazame. Panapovuja patajionyesha penyewe. Weka alama kwa chaki.

Huyo mgonjwa, umesema amelala. Alale kichwa upande wako, miguu mbele. Na asikae peke yake mahali alipo. Kuna mtu wa kumwangalia?

Abti yako,
Olow


Garissa,
12 Februari 1967

Kwa abti Olow,

Assalaam aleikum. Sisi wazima. Iddi tulichinja kondoo mnene, na mapacha wa mbuzi wote wanne wanaishi. Mama anaumwa goti lakini hataki dawa ya hospitali kwa sababu anayeitoa ni mimi.

Barua yako haijafika. Msafara wa malori yanayolindwa na askari haujapita wiki tatu, labda imelala mahali. Siwezi kungoja, kwa hiyo nakupa habari ya tulipofika.

Nilikaa na zile mbao siku mbili nzima uani na karatasi ya maelezo ya Kijerumani nisiyoijua. Mama akatoka na fimbo yake, akazunguka mara moja, akacheka mpaka akashika goti. Akasema, "Hii si ni nyumba yetu, imelazwa chali!" Na ndivyo ilivyo, abti. Mbavu zilizopinda, fito ndefu za kupita juu yake, halafu kifuniko. Mwanamke aliyejenga na kuvunja aqal, nyumba ya kuhama nayo, miaka thelathini, akaipakia juu ya ngamia na kuijenga tena jioni, hahitaji Kijerumani. Aliisimamisha mifupa yote kabla chai haijachemka. Ule ubavu ulioliwa na mchwa ameutupa, na mahali pake ametia mti uliopinda wa nyumba yake mwenyewe ya zamani, mzizi uliokaushwa vizuri. Umekaa kana kwamba uliumbwa huko.

Mimi nilikuwa kazini siku nne, tulikuwa na majeruhi. Niliporudi nyumbani nikakuta amekwisha kuipaka ngozi mafuta ya mkia wa kondoo wa Iddi, ndani na nje, hasa chini. Nilishtuka kidogo, lakini lazima niseme, inang'aa. Nyufa hazionekani. Mama anajisifu mtaa mzima.

Mgonjwa yule ametuma salamu kwa mdomo wa mchungaji. Bado amelala. Mume wake, Gelle, yuko naye na hamwachi.

Abti yako,
Jama


Mombasa,
23 Februari 1967

Jama,

Salamu baadaye. FUTA. Leo hii, ukipata barua hii umesimama, usikae. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kufulia, kitambaa safi kila mara. Usitumie jivu. Ikishakauka ipake poda, ile ya watoto, na usiikunje.

Panaponata, au mpira unapoteleza juu ya turubai ukiusukuma kwa kidole, pamekufa. Sulusheni, ile gundi ya mpira, haishiki penye mafuta, usijidanganye kubandika juu yake. Pakate, turubai na mpira wake, mpaka ufike penye mpira mkavu. Ushone turubai jipya kwa mshono wa tanga, na mshono uufunike kwa mpira wa tyubu ya lori.

Nimempa Korane, dereva wa kwetu anayekuja na msafara, mzigo wenye turubai zito yadi mbili, uzi wa tanga, sindano, makopo sita ya sulusheni, tyubu, msasa na poda. Khadijo naye ametia kitu chake humo. Sikumuuliza ni nini.

Mafuta! Raho ana bahati ni dada mkubwa.

Imebaki wiki saba.

Olow


Garissa,
10 Machi 1967

Kwa abti Olow,

Assalaam aleikum. Barua zako mbili na mzigo vimefika siku moja, tarehe 5, kwa mkono wa Korane. Ile ya Januari ndiyo niliyoisoma kwanza. Nilipofika kwenye neno lile kubwa la herufi kubwa nilikwenda moja kwa moja stoo nikaugusa mpira. Kidole changu kilibaki na alama ndani yake kama kwenye unga wa chapati.

Sikulala vizuri. Nilihesabu siku zilizobaki nikaona nimemuua mtu kwa mafuta ya mkia.

Nilimsomea mama barua zote mbili, neno kwa neno. Ya mafuta aliisikiliza mpaka mwisho, akasema kondoo yule alikuwa mgonjwa, kondoo mzima mafuta yake hayana neno. Huko ndiko kukiri kwake, abti, usitarajie zaidi. Lakini pale uliposema watoto wote watatu wazima, alinirudisha nyuma nisome tena. Kisha akasema, "Ndugu yangu alijua kuhesabu zamani."

Asubuhi yake nilimkuta ameshaanza. Tumekata kipande kirefu kama mtu mzima, upana wa shubiri mbili, kandokando ya mkuku, ule uti wa chini ya mashua. Turubai lako amelishona yeye. Hakukubali mshono uliouandika. Alisema huo ni wa kushonea gunia. Ametumia ule wa kusuka vyombo vyetu vya maziwa, uzi unazunguka uzi na kila mzunguko unakazwa kwa mfupa, na chombo chake cha maziwa hakijawahi kudondosha tone tangu nizaliwe. Amefanya kazi siku nne, goti likiwa limenyooshwa mbele. Mimi nilipiga msasa, nikapaka sulusheni, nikabandika tyubu.

Jana tuliiweka juu ya magogo tukamwaga maji ndoo ishirini. Majirani wote walikuja kutazama watu wa Garissa wanaonywesha mashua. Ilivuja matone mahali pamoja tu, na si kwenye mshono wa mama. Usiulize kama amelitaja hilo.

Kitu cha mama Khadijo tumekiona. Ni kanga mbili kuukuu, zimefuliwa mpaka zimelainika, za kumpokelea mtoto. Mama alizishika usoni. Jina la mwenye mtoto sitaliandika humu, kwa kuwa najua wewe uliapa kwa Mungu mbele ya watu kwamba jina fulani halitatoka mdomoni mwako. Mimi naandika "mgonjwa" na wewe unaelewa.

Naondoka mwanzo wa Aprili.

Abti yako,
Jama


Mombasa,
26 Machi 1967

Kwa abti Jama,

Waaleikum salaam. Iddi kubwa imepita salama. Khadijo amepona jino. Mvua za kwanza zimeanza huku, na kama zimeanza juu ya Mlima Kenya pia basi mto wako utakuja juu, uwe macho.

Mwambie Raho kwamba mshono ule siujui na nataka kuuona.

Mambo ya mwisho. Usiburute mashua mchangani, ibebeni. Usiache jua likaipiga imekauka, imwagie maji. Mzigo mzito uwe chini na katikati. Chukua kopo moja la sulusheni, kipande cha tyubu na msasa, uvifunge mwilini mwako, si ndani ya mashua. Kisiki ndicho utakachokutana nacho, hasa maji yakiwa mekundu. Ukisikia kimekwaruza, usiseme baadaye. Nenda kando ukatazame.

Mgonjwa atakuwa na hofu, lakini si ya maji. Huyo haogopi maji. Alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Nimejuaje, usiniulize.

Na wewe? Wajua kuogelea? Barua zako zote hazijasema.

Niandikie siku mtakayofika. Siku hiyohiyo, Jama. Hata mstari mmoja.

Olow


Garissa,
21 Aprili 1967

Kwa abti Olow,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya salamu nyingine yoyote: wazima wote wawili. Mama na mtoto. Sasa vuta pumzi, ukae, nikueleze kwa utaratibu. Unisamehe kwa kuchelewa. Dada yako alinikataza kuandika mpaka siku saba za mtoto zitimie, na ndani ya nyumba yake sina sauti.

Tuliondoka tarehe 6, mimi, mwenye punda na punda wake wawili, mmoja amebeba mifupa na mwingine ngozi. Njiani tulisimamishwa mara tatu na mara zote nilifungua mifuko na kueleza. Kila askari aliuliza kama ni hema. Siku ya tatu jioni tukafika Mbalambala, na siku mbili nyingine zikaisha kwa kuunganisha mashua na kuijaribu.

Nilimkuta mgonjwa amekonda, macho makubwa, anacheka. Gelle aliomba ruhusa ya kuja naye, akanyimwa, kijijini hatoki mtu bila karatasi na karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ya mgonjwa mmoja tu. Basi alifanya alichoweza. Alimbeba mikononi mpaka ukingoni, akamlaza ndani ya mashua juu ya majani na mikeka, akaingia mtoni na nguo zake akatusukuma mpaka maji yalipomfika kifuani. Akabaki amesimama humo. Hata tulipokata kona alikuwa bado humo. Najua uliyoyasema juu ya kijana huyu siku zile, abti. Nakwambia tu nilichokiona.

Maji yalikuwa mekundu na yana haraka. Kupiga kasia hakukuwa na kazi, kazi ilikuwa kuelekeza. Siku ya kwanza ilipita vizuri, tukalala ukingoni kwa watu wa mashamba waliotupa uji. Siku ya pili, baada ya jua kupanda, tulikwaruzwa. Nilisikia chini ya mguu wangu. Nikataka kujifanya sikusikia. Nikakumbuka maneno yako, nikaenda kando.

Kisiki kilikuwa kimepita katikati ya kipande cha mama, kikaacha mstari mweupe na hakikukata uzi hata mmoja. Kilichopasuka ni mpira wa zamani wa Mzungu, pembeni yake, urefu wa kidole. Nilimshusha mgonjwa kivulini, nikaigeuza mashua, nikakausha, nikapiga msasa, nikapaka sulusheni, nikangoja ikauke, nikabandika. Wakati nangoja, yeye alishika tumbo. Nilimtazama. Akasema, "Bandika wewe. Mimi nitangoja zamu yangu."

Abti, sasa nakwambia: sijui kuogelea. Kiraka cha kwanza kilikaa upande nikakiondoa. Niliogopa sana. Yeye ndiye aliyenihesabia dakika za kukauka, kwa sauti, kati ya uchungu na uchungu.

Karibu na daraja la Garissa askari wa ukingoni akatuelekezea bunduki. "Nyinyi! Simama! Hiyo kitu ni nini?" Nilianza kueleza kibali, muhuri, vifaa vya hospitali, nikayachanganya. Mgonjwa akainua kichwa kutoka chini akasema kwa Kiswahili chenu cha Mvita, "Afande, hii ni hospitali yaelea. Tupishe, mwanangu yuaja, nami sitaki azaliwe mbele ya jeshi zima." Askari akacheka, akashusha bunduki. "Huyu mama ametoka wapi na Kiswahili hiki?" Nikamjibu, "Mombasa. Baba yake ni fundi wa mashua."

Tulipopita mgonjwa aliniuliza bila kugeuka, "Anajua?" Nikasema, "Hii unayolalia, ni yeye aliyenifundisha kuitengeneza, barua kwa barua." Akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, kwa ndani, akakiacha hapo. Alilia. Mimi pia nililia, lakini nilikuwa na kasia.

Mtoto alikuja siku ya pili yake, tarehe 13, adhuhuri. Alitanguliza miguu, kama wale wawili. Mkunga alifanya kazi na mimi nilishika taa. Alipotoka hakulia. Mkunga akampangusa mdomo, akamkanda mgongo, akampuliza, na dakika ile ilikuwa ndefu kuliko mto wote. Kisha akapiga kelele ambazo mama, huko nje na goti lake, alizisikia akaanguka kusujudu mahali penye kokoto.

Ni msichana. Ameitwa Kaaha. Amefungwa katika kanga za bibi yake. Mshono wa mama umesifiwa na hospitali nzima, na sasa anasema alijua tangu mwanzo kwamba mpira ule wa Mzungu haukuwa na maana.

Mgonjwa hajasema nikuandikie nini. Nilimuuliza mara mbili. Alisema, "Mwambie mashua haikuvuja."

Abti yako,
Jama


Mombasa,
9 Mei 1967

Kwa abti yangu Jama,

Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako ilifika jana Jumatatu, karakanani. Niliisoma mstari wa kwanza nikakaa chini sakafuni, penye takataka za msasa. Wenzangu walidhani ni moyo. Mmoja akaniletea maji, nikayamwaga kichwani badala ya kunywa. Kisha nikaenda nyumbani saa nne ya asubuhi, jambo ambalo sijalifanya miaka ishirini, na Khadijo aliponiona mlangoni akashika ukuta. Nikasema, "Wazima." Alinipiga kifuani kwa ngumi mbili, jinsi nilivyomtisha, halafu akacheka, halafu akalia, na mpaka sasa nikiandika anafanya yote mawili jikoni.

Wewe ni mjinga. Mtu asiyejua kuogelea anaingia mto uliofura na mwanamke mwenye uchungu! Ungeniambia ningekukataza, na ndiyo maana hukuniambia. Allah akulipe, abti, mimi siwezi.

Nina la kukueleza. Tangu katikati ya Aprili nilikuwa nikienda posta kila siku. Siku kumi, siku kumi na tano, hakuna. Nikaanza kufikiri: habari ikija mbaya, nitamlilia kwa jina gani? Miaka mitatu nimekula na kulala na kiapo kile, nikidhani ni heshima yangu. Nilitaka aolewe na mtu niliyemchagua mimi, akaondoka na mchunga ngamia aliyempenda, nikaapa. Ndiyo kisa chote, na nikikiandika hivi chaonekana kidogo mno.

Nilimwendea shekhe. Nikamwambia nina kiapo nataka kukivunja. Akaniuliza kama nina uwezo wa kulisha. Ijumaa iliyopita, tarehe 5, baada ya swala, nililisha maskini kumi uani kwetu, wali na nyama mpaka wakashiba, ndiyo kafara ya kiapo. Barua yako ilikuwa bado njiani. Sikungoja kujua kama yu hai. Nimefurahi kwamba sikungoja.

Msalimie Gelle. Mwambie baba wa mke wake amesikia maji yalimfika kifuani. Zikifunguka barabara, na watu wasema mazungumzo ya amani yapo, inshallah, nitakuja na msafara wa kwanza, nami nitakuja na Khadijo hata kama itabidi akae juu ya magunia. Mashua ioshe, ikauke kivulini, uipake poda kabla ya kukunja. Raho mwambie mkono wake ni wa fundi, na usimwambie kwamba nimeandika hivyo mara mbili.

Karatasi ya pili humu ndani si yako. Mpelekee mwenyewe, na kama hataki kuisoma, msomee.

Abti yako,
Olow

*

Nimo, mwanangu,

Hujambo? Mimi ni baba yako.